Imam Abu Hanifa Katika Duka Lake la Nguo

Jina la Imam Abu Hanifa ni maarufu kwa kila Mwislamu aliyepata kukaa japo katika darasa moja la fiqhi. Sisi watu wa pwani tulio wengi twafuata madhehebu ya Imam Shafi, walakini heshima ya Abu Hanifa twaijua, na twajua ya kwamba Imam Shafi mwenyewe, aliyezaliwa mwaka ule ule aliofariki Abu Hanifa, alipokewa kuwa alikiri kwamba watu katika elimu ya fiqhi wanamtegemea mzee huyu. Lakini tukimtaja, wengi wetu twamfikiri kuwa ni mtu wa msikitini tu, aliyekaa juu ya msala na wanafunzi wamemzunguka. Ni wachache wanaokumbuka ya kwamba mtu huyu alikuwa na duka. Kwamba alinunua na kuuza, alikopesha na kudai, alikuwa na mshirika na mawakili, na kwamba alihisabiwa katika matajiri wa mji wake.

Tumependa kumweleza kwa upande huu, kwa kuwa twaona katika miji yetu makosa mawili yasimamayo pamoja. Wako wanaodhani kuwa mali ni uchafu usiomfalia mtu wa dini, wakaketi wakingojea mkono wa mwengine. Na wako wanaodhani kuwa mali haipatikani illa kwa hila, na ya kwamba mwenye kusema kweli sokoni atafunga duka lake kabla ya mwaka kwisha. Maisha ya Imam Abu Hanifa yawajibu wote wawili, na jawabu lenyewe limo katika mambo madogo madogo ya kila siku: bei ya jora moja la nguo, deni la mtu mmoja, na mfuko mmoja wa dirham.

Jina lake khasa ni Nuuman bin Thabit. Alizaliwa Kufa, katika nchi ya Iraq, mwaka 80 wa Hijra (699). Kufa ulikuwa mji mchanga, uliojengwa mwaka 17 wa Hijra (638) katika ukhalifa wa Sayyidna Omar, kuwa kambi ya majeshi karibu na mto Furati. Haukupita muda kambi ikawa mji, na mji ukawa na soko kubwa, wakakutana humo Waarabu, Waajemi na watu wa mataifa mengi. Jamaa zake Abu Hanifa asili yao ilikuwa ni ya Kiajemi, na kazi yao ilikuwa ni biashara. Wao waliuza khazz, yaani nguo iliyofumwa kwa hariri na sufi, nguo ya watu wenye uwezo. Duka lao lilikuwa katika nyumba iliyojulikana kwa jina la Amr bin Hureith, na watu wa Kufa walilijua.

Kijana Nuuman alikulia katika duka hilo, na njia yake ilikuwa ni ya nyumbani na sokoni. Yasimuliwa kuwa siku moja alipokuwa akienda sokoni alimpitia mwanachuoni mkubwa wa Kufa, Imam Shaabi, naye akamwita na kumuuliza ni kwa nani aendako. Kijana akajibu kwamba aenda sokoni. Shaabi akamweleza kuwa hakukusudia soko. Alikusudia kumuuliza ni kwa mwanachuoni gani asomako, kwa kuwa aliona ndani yake akili iliyo macho. Maneno hayo yakamwingia moyoni. Tangu hapo akaingia katika elimu, kisha akashikamana na Sheikh Hammad bin Abi Suleiman kwa muda wa miaka 18, mpaka Hammad alipofariki mwaka 120 wa Hijra (738), na yeye akakaa mahali pake kusomesha.

Hapa ndipo pa kwanza pa kusimama na kufikiri. Mtu mwengine angalisema kuwa sasa amekwisha kuwa sheikh, basi duka si kazi yake tena, watu watamlisha. Abu Hanifa hakufanya hivyo. Alilibakisha duka, akaipanga kazi yake ili isimle wakati wote: akatafuta mshirika mwaminifu na watu wa kumuuzia, yeye mwenyewe akawa ndiye mwenye kuangalia hisabu, ubora wa bidhaa na usafi wa muamala. Basi elimu haikuua biashara, wala biashara haikuua elimu. Bali kila moja iliifaa nyenziwe. Mwenye kusoma fiqhi ya Kihanafi katika milango ya kuuza na kununua huona kuwa aliyeifikiri alizijua nguo, mizani na madeni kwa mikono yake. Kwa mfano, madhehebu yake yanakubali ushirika wa mafundi wawili wasio na rasilmali, kama washoni, wanaokubaliana kugawana ujira wa kazi zao. Na yanakubali pia ushirika wa watu wasio na kitu illa jina jema, wanaonunua kwa deni kwa kuaminiwa, wakauza na kugawana faida. Madhehebu yetu ya Shafi hayakubali sura hizo mbili. Hatutaki kuingia katika khitilafu ya wanavyuoni. Tunataka msomaji aone tu kuwa mtu huyo alijua kwamba maskini ana rasilmali mbili, nazo ni mkono wake na uaminifu wake.

Sasa natutazame alivyokuwa akiuza na kununua.

Yasimuliwa kuwa mwanamke mmoja alimjia na nguo ya hariri kumuuzia. Akamuuliza bei, naye akataka mia. Abu Hanifa akamwambia ya kuwa nguo hiyo yazidi mia. Mwanamke akapandisha mia ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne, na kila mara mnunuzi akamwambia kuwa thamani yake ni zaidi. Mwanamke akadhani kuwa anafanyiwa mzaha. Ndipo Imam akamtaka alete mtu mwenye kujua bei, na nguo ikanunuliwa kwa 500.

Ewe msomaji, tafakari. Muuzaji mwenyewe ndiye aliyetaja mia. Hakulazimishwa, wala hakudanganywa. Lau Abu Hanifa angalitoa mia akaichukua nguo, hakuna mtu sokoni ambaye angalimlaumu. Wengi wangalimsifu kwa ujanja. Lakini yeye aliona kuwa kutojua kwa mwanamke yule si faida yake yeye. Alijua thamani, na mwanamke hakuijua. Na ujuzi wake aliuhisabu kuwa ni amana mikononi mwake, wala si mtego.

Na sisi je? Ni mara ngapi katika miji yetu mzee au mjane amekuja na khati ya kiwanja alichorithi, ana haja ya fedha za matibabu au za skuli ya wajukuu, akataja bei ya miaka ishirini iliyopita, na mnunuzi akanyamaza kimya? Mnunuzi ajua kuwa barabara itapita pale, ajua viwanja vya jirani vimeuzwa kwa kiasi gani, na bado atoa fedha upesi upesi kabla mtoto wa yule mzee hajarudi safari. Kisha jioni akaa barazani akiwahadithia wenziwe alivyopata kwa rahisi. Huyu amepata kiwanja, lakini wale waliomsikiliza barazani wote wamejua ya kuwa siku wakiwa na haja, mtu wa kumkimbia ni yeye.

Mwanamke mwengine alimjia Abu Hanifa kinyume cha yule. Huyu alikuwa bibi kizee, akamwambia kuwa yeye ni dhaifu, basi amuuzie nguo kwa bei ile aliyonunulia, asimzidishie kitu. Imam akamwambia aichukue kwa dirham nne. Bibi akaona anachezewa, kwa kuwa nguo ile haikufanana na dirham nne. Imam akamfahamisha: alinunua nguo mbili pamoja, akauza moja kwa fedha zote alizozitoa illa dirham nne tu, basi hii iliyobaki imemsimamia kwa dirham nne, na yeye ameomba bei ya kununulia.

Ndani ya kisa hiki mna huruma, lakini mna hisabu pia, na twapenda wafanya biashara wetu waione hisabu hiyo. Abu Hanifa alijua kila kitu katika duka lake kimesimama kwake kwa kiasi gani. Aliweza kujibu papo hapo, bila ya kubabaika. Wangapi katika sisi, ukiwauliza kitu hiki kimekusimamia kwa shilingi ngapi, pamoja na kodi, uchukuzi na kilichoharibika, waweza kukujibu? Wazee wetu wamesema mali bila daftari huisha bila khabari. Asiyejua rasilmali yake hawezi kujua faida yake. Na asiyejua faida yake hula rasilmali akidhani ala faida, mpaka siku aonapo rafu tupu.

Ama mshirika wake, alikuwa akiitwa Hafs bin Abdul Rahman, naye Abu Hanifa akimpa bidhaa za kwenda kuuza. Safari moja alimpa mzigo wa nguo, akamweleza kuwa nguo moja ina aibu, amwoneshe mnunuzi aibu hiyo kabla ya kumuuzia. Hafs akauza mzigo wote, na katika shughuli akasahau kuieleza ile aibu, wala hakumjua tena aliyeinunua. Abu Hanifa alipopata khabari alitoa sadaka thamani ya mzigo wote. Wasimulizi wengine wataja kuwa zilikuwa dirham 30,000.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini mzigo wote, na aibu ilikuwa katika nguo moja? Twaona kuwa fedha ya nguo ile ilikwisha kuchanganyika na nyingine, na yeye hakutaka kubahatisha. Na tena mtu aliyetoa khasara kama hiyo kwa jambo la kusahau, hakuna mshirika wala wakili wake ambaye atathubutu tena kusahau. Khasara ya siku moja ililinda jina la miaka mingi. Mfanya biashara mwenye akili huona kuwa jina lake ni mali iliyo dukani pamoja na majora, nalo likipasuka halishoneki.

Katika madeni nako alikuwa na njia yake. Yasimuliwa kuwa siku moja alikuwa akipita njiani, mtu mmoja akamwona kwa mbali, akajificha na kushika njia nyingine. Abu Hanifa akamwita, akamuuliza sababu. Mtu yule akasema kwa haya kuwa ana deni lake la dirham 10,000, muda umepita, naye hana cha kulipa. Imam akamsamehe deni lote, kisha akamwomba yeye amsamehe kwa khofu iliyomwingia moyoni alipomwona. Hatusemi kuwa kila mwenye duka lazima asamehe kila deni, duka halingesimama. Twasema ya kwamba mtu huyu alitafautisha baina ya asiyetaka kulipa na asiyeweza, na ya kwamba hakupenda mali yake iwe sababu ya Mwislamu kukimbia njia. Na ni wazi kuwa mtu awezaye kusamehe kiasi hicho alikuwa hakukopesha kitu ambacho kikipotea yeye huanguka. Mwenye kukopesha rasilmali yake yote hana nafasi ya kusamehe hata akitaka.

Sasa twaja katika faida. Wengi wajua kuchuma, wachache wajua la kufanya na kilichochumwa. Abu Hanifa alipanga faida yake kwa mpango unaojulikana. Yasimuliwa kwamba kwa miaka mingi hakuwa akijiwekea yeye na nyumba yake zaidi ya dirham 4,000 kwa matumizi, kilichozidi kilitoka. Hakuwa bakhili wa nafsi yake. Alipenda nguo nzuri na manukato, na watu walimjua kwa usafi wake. Lakini matumizi yake yalikuwa na mpaka, na mpaka huo hakuusogeza kila biashara ilipokua. Akiwafanyia watu wa nyumbani kwake kitu, hutoa sadaka mfano wake. Akijishonea nguo mpya, huwavika wanavyuoni wazee kwa thamani ya nguo ile.

Hapa twaomba wasomaji wetu watazame nyumba zetu. Mtu akipata faida ya msimu mmoja, harusi ya binti yake yataka ipite harusi ya jirani. Akipata ya msimu wa pili, yataka kubadilishwa makochi yaliyo mazima. Faida ya kawaida haiwezi kumfikia mtu anayekwenda mbele yake. Msimu mbaya ukija, na lazima uje, huuza kiwanja au hukimbilia mkopo wa riba, na riba hiyo hula msimu mwema utakaofuata. Mtu huyo hakufilisiwa na soko. Amefilisiwa na macho ya watu.

Mji wa Baghdad ulipoanza kujengwa mwaka 145 wa Hijra (762), ulikuwa ni mji mpya wa Makhalifa wenye kuhitaji kila kitu, na Abu Hanifa hakuiacha nafasi ile. Alipeleka bidhaa Baghdad, na kwa fedha zake akanunua bidhaa nyingine za kuletwa Kufa. Faida ya biashara hiyo alikuwa akiikusanya mwaka hata mwaka, kisha huwanunulia masheikh na wapokezi wa Hadithi chakula, nguo na haja zao, na zinazobaki huwapa mkononi. Na akiwapa huwataka wamshukuru Mwenyezi Mungu peke yake, kwani yeye, kama alivyowafahamisha, hakuwapa chochote katika mali yake. Ni riziki yao iliyopitia katika mikono yake.

Lakini mali aliyoitia mahali pazuri kuliko pote ilikuwa ni ile aliyoitia kwa kijana mmoja maskini, Yaakub, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Abu Yusuf. Kijana huyu alipenda elimu, lakini nyumbani kwao hapakuwa na kitu. Yasimuliwa kuwa mama yake alimpeleka kwa dobi ajifunze kazi, naye akawa akitoroka na kwenda kukaa darasani kwa Abu Hanifa. Mama akaja kulalamika: huyu ni yatima, hana kitu, na sheikh amharibia kazi yake. Abu Hanifa akamjibu kuwa amwache, kwani huyu anajifunza kula faludhaj kwa mafuta ya fustuki, nayo ni halua ya watu wakubwa. Mama akaondoka akidhani kuwa mzee ameingia wazimu. Imam akampa kijana mfuko wa dirham 100, akamwambia adumu darasani, na zikesha amwarifu. Na haikuwa lazima kumwarifu, kwa kuwa kila zilipokaribia kwisha alipewa nyingine. Miaka ikapita, mzee akafariki, na Abu Yusuf akawa Kadhi Mkuu katika zama za Khalifa Harun Rashid. Akaandika kitabu cha Kharaj juu ya kodi na mali ya serikali. Na siku moja, kama yasimuliwavyo, akaletewa mezani kwa Khalifa sahani ya faludhaj kwa mafuta ya fustuki, akacheka, akasimulia kisa hiki, na Khalifa akastaajabu.

Basi na wahisabu wenye kuhisabu. Ni jora gani la hariri katika duka lile lililoleta faida mfano wa ile mifuko ya dirham mia? Madhehebu ya Abu Hanifa yalienea katika dunia ya Kiislamu kwa sehemu kubwa kwa mikono ya wanafunzi wake, na wa mbele katika wao ni mtoto yule aliyekuwa afue nguo. Katika miji yetu wako watoto wenye akili iliyo macho kama ile aliyoiona Shaabi, na ada ya skuli ya mwaka mmoja ndiyo inayowarudisha nyumbani. Na ziko harusi za usiku mmoja ambazo fedha zake zingewasomesha watoto watano mpaka mwisho.

Tumefika sasa mahali ambapo maana ya duka lile yajionesha yote.

Abu Hanifa aliishi katika dola mbili, dola ya Bani Umayya na dola ya Bani Abbasi, na zote mbili zilitaka kumweka chini ya mkono wao. Mtawala akimtia mwanachuoni mkubwa katika kazi yake, hununua pamoja naye ukimya wake. Karibu na mwaka 130 wa Hijra, Ibn Hubeira, liwali wa Iraq kwa Bani Umayya, alimtaka ashike kazi ya hukumu. Akakataa. Akapigwa mijeledi siku baada ya siku, kumi kumi, na asikubali, mpaka akaachwa. Ndipo akaenda kukaa Makka mpaka dola ile ilipoondoka.

Ikaja dola ya pili. Khalifa Abu Jaafar Mansur, aliyeujenga Baghdad, alimwita kwake akamtaka awe kadhi. Abu Hanifa akajibu kuwa yeye hafai kwa kazi hiyo. Khalifa akakasirika akamwambia kuwa asema uwongo. Imam akamjibu kwamba basi Khalifa mwenyewe amekwisha kuhukumu: ikiwa yeye ni mkweli, amekwisha kusema kuwa hafai, na ikiwa ni mwongo, mwongo hafai kuwa kadhi. Akatiwa gerezani.

Ewe msomaji, jiulize: ni kitu gani kilichomwezesha mtu huyu kusema la kwa liwali na la kwa Khalifa? Imani yake, hapana shaka, ndiyo ya kwanza. Lakini walikuwako wengine wenye imani ambao watoto wao walikula kwa fungu la mtawala, na siku walipotaka kusema la, walitazama watoto wao wakanyamaza. Abu Hanifa hakuwa na fungu la kukatwa. Chakula cha nyumba yake kilitoka katika nguo alizouza kwa jasho na kweli. Duka lile dogo katika soko la Kufa lilikuwa ndiyo ngome ya ulimi wake. Wanafunzi wake nao walikula kutoka kwake, kwa hivyo hata wao hawakuwa na mlango wa kwenda kubisha.

Hii ndiyo khasa faida ya mali ya halali, na ndiyo inayosahauliwa na makundi yale mawili tuliyoyataja mwanzo. Anayeichukia mali humwacha mwenye mali amtawale. Na anayeichuma kwa hila hujifunga kamba shingoni, kwa kuwa mwenye siri chafu sokoni hawezi kusimama mbele ya mtu akasema kweli; atakumbushwa siri yake.

Imam Abu Hanifa alifariki Baghdad mwaka 150 wa Hijra (767), umri wake miaka 70 kwa hisabu ya Hijra. Akazikwa katika makaburi ya Kheizuran, na mtaa ulio pale hata leo waitwa Aadhamia, kwa lakabu yake ya Imamul Aadham. Watu waliohudhuria jeneza walikuwa wengi hata akasaliwa mara kadhaa.

Kisha ikabaki hisabu ya mwisho, nayo ni ya amana. Yasimuliwa kuwa Khalifa Mansur alikuwa amempa zawadi ya dirham 30,000. Abu Hanifa, bila ya kumrudishia usoni, akamwambia kuwa yeye ni mgeni Baghdad, hana mahali pa kuziweka, basi ziwekwe katika Beitul Mal; na huko zikabaki, asizichukue. Alipofariki, zikatolewa nyumbani kwake amana za watu walizokuwa wamemwekea. Ndipo Khalifa alipotambua kuwa mtu aliyedai hana pa kuweka fedha zake alikuwa na nafasi ya kutosha kwa fedha za watu wote, akasema kuwa Abu Hanifa amemhadaa.

Na kuhusu amana yasimuliwa pia kuwa mwanawe, Hammad, aliyepewa jina la sheikh wa baba yake, alizipeleka zile za watu wasiokuwapo kwa kadhi. Kadhi akamwambia azikae nazo yeye, kwani ni mtu wa kuaminiwa. Hammad akamwomba azipime na kuzipokea ili dhima ya baba yake itoke, kisha atazame la kufanya. Kadhi akashughulika kuzipima siku nyingi. Zilipokwisha pimwa, Hammad akajificha, asionekane mpaka zilipokabidhiwa mtu mwengine. Alijua kuwa mali ya watu si ya kuonewa fakhari. Ni mzigo, na anayeupenda bila ya haja hajui uzito wake.

Atakuja mtu atuambie kuwa hizo ni khabari za zamani, na soko la leo halitaki hayo. Na sisi twamuuliza: watu wa Kufa waliompelekea Abu Hanifa mali zao, je, hawakuwa na maduka mengine ya kuziweka? Walimpelekea kwa sababu walikuwa wamekwisha kusikia kisa cha mwanamke na nguo yake, na kisa cha mzigo wa Hafs, na kisa cha mdeni aliyejificha njiani. Kila muamala mmoja wa kweli ulimletea watu wengine, na hao wakaleta wengine. Haikuwa faida ya siku moja. Ilikuwa ni faida ya miaka, na ndiyo iliyodumu. Ujanja hupata mara moja kwa mtu mmoja, kisha sharti utafute mtu mwengine asiyekujua. Na mji wa pwani ni mdogo, watu wake hujuana.

Basi anayetaka kuifuata njia hii na aanze na machache. Ajue kila kitu kimemsimamia kwa kiasi gani, na aandike. Aoneshe aibu ya bidhaa kabla hajaulizwa. Asiifanye faida kutojua kwa mwenziwe, awe muuzaji au mnunuzi. Akopeshe kile ambacho kikichelewa hakitamwangusha. Aweke mpaka wa matumizi ya nyumba yake, na mpaka huo usitembee kila faida inapokuja. Kinachozidi akitie katika biashara na katika akili ya mtoto wa maskini. Na alinde mkono wake usinyooke kwa mtu, ili ulimi wake uwe huru.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imam Abu Hanifa, na atujaalie riziki ya halali yenye baraka, itakayotutosha na haja ya kuomba, na isitushughulishe na Yeye aliyetupa. Amin.